Sahani ya Kwanza ya Papa Benoît

Mimi napika. Hiyo mujue kwanza, maana bila hiyo habari yote haina kichwa. Napika hapa Nyamugo, chini kidogo ya soko, katika malewa yangu, kajumba ka chakula kenye meza nne na bati linalovuja upande wa kulia. Naitwa Adolphine. Bugali yangu ya muhogo haina donge, sombe yangu, majani ya muhogo, inakaa motoni na mawese mpaka inanyamaza yenyewe, na sambaza zangu, dagaa wetu, zinafika asubuhi bado zinanukia ziwa. Sijisifu. Natafuta haki tu, kwa sababu kulifika wakati sufuria zangu zilirudi nyumbani zimejaa, na kosa halikuwa ndani ya sufuria.

Kosa lilikuwa bwana yangu, Benoît, na karoti zake.

Huku kwetu Bukavu mutu hanywi pombe ambayo hakuiona ikifunguliwa. Ukienda kutembelea mutu, atakufungulia chupa mbele ya macho yako, na kama ni kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yeye mwenyewe ataonja kwanza, ndipo akupe kikombe. Tunaogopa karuho, ile sumu ya kutiliwa na mutu mubaya. Wengi wetu hatujaiona, lakini kila mutu ana jirani ambaye shemeji yake alikufa nayo. Sasa fikiria mwanamuke anafungua malewa katika muji kama huo. Nani ataingiza mukono wa kwanza katika chakula cha mupishi asiyemujua?

Benoît aliuingiza. Yeye anatengeneza radio na telefone kwenye kameza kake, pale pale mulangoni pangu. Tangu siku ya kwanza, bugali ikishageuzwa, alinawa mikono, akaketi kwenye meza ya kwanza, uso kwa barabara, akakula sahani ya kwanza ya siku. Hakuna aliyemutuma. Ni mutu wa mwili mukubwa, na akikula unasikia raha mpaka ngʼambo ya barabara. Akimaliza alikuwa anapiga mbweu mara moja, kwa sauti, basi watu wanajua mambo yako sawa. Guylain, mukubwa wa wamotari wa parkingi ya mbele yetu, alikuwa anauliza kutoka juu ya pikipiki yake, "Papa ameshakula?" Rosette, mwenzangu wa kazi, anamujibu, "Ameshakula." Hapo parkingi nzima inavuka.

Hivyo ndivyo tuliishi, mpaka Benoît akaenda kupimwa damu.

Munganga alimuambia sukari imepanda, apunguze bugali, aongeze majani. Apunguze. Mimi ningemupunguzia vizuri, ni kazi yangu. Lakini Benoît hajui nusu ya kitu. Akinunua kofia ananunua mbili, akisali rozari anaunganisha na ya jirani. Jioni ile alifungua telefone akaona bwana mumoja mwenye koti jeupe la munganga, amesimama katikati ya bustani, anasema kwa Kifaransa kwamba moto unaua chakula, na chakula kilichokufa kinaua mutu. Akamusikiliza mpaka betri ikaisha.

Asubuhi akaniita kwa jina la mutoto wetu wa kwanza, kama tulivyozoea kuitana. "Mama Joviale, mimi na moto tumemalizana."

"Na mimi?"

"Wewe unabaki."

Nikamuambia aksanti.

Kwanza nilicheka, nisiwadanganye. Mutu aliyezoea kumega tonge la ukubwa wa ngumi, sasa ameshika karoti mbichi anaisumbua na meno. Lenga-lenga mbichi. Kabichi mbichi. Tomati, avoka, marakuja. Chai aliikataa, imeona moto. Mukate umeona moto. Maziwa ya kopo, nani anajua yameona nini huko yalikotoka. Siku moja alimusimamisha mama mumoja wa Mumosho anayepitisha asali.

"Maman, hii asali imeona moto?"

"Haijaona, papa."

"Na nyuki muliwafukuza na nini?"

"Na moshi."

Benoît alifikiri mpaka yule mama akatua kapu chini. Mwishowe akaamua moshi si moto, akanunua. Alipotaka kuanza na maharagi mabichi, hapo nikasimama kabisa. Nilimuambia maharagi mabichi na muhogo muchungu havina mchezo na tumbo la mutu, na kama anataka kufa aende akafie kwao Nyangezi, si kwenye meza yangu ya kwanza.

Na bei yake, mama yangu. Watu wanafikiri kula bila makala, makaa ya kupikia, ni kufanya ekonomi. Waje waniulize. Bugali ya pesa kidogo inatushibisha wawili na mugeni juu. Lakini avoka na nanasi na frezi na karanga, mutu wa mwili ule anazimaliza asubuhi, na saa sita anauliza zingine ziko wapi. Halafu majani mabichi lazima uyaoshe na maji safi, na maji ya bomba huku yanataka kuchemushwa, na kuchemusha ni moto. Basi bwana yangu akawa anaoshea kabichi maji ya chupa, yale ambayo wengine wananunua siku ya harusi.

Nilivumilia. Hata kanisani nilivumilia. Jumapili moja nilimuona anasitasita kwenye mustari wa komunyo, nikajua mara moja anawaza nini, kwa sababu hostia inaokwa, masista wanaioka kwa moto kabisa. Nilimusukuma na kiwiko. Akapokea. Njiani kurudi nikamuuliza, "Na ile ya leo haikuona moto?"

"Ile haiko chakula," akanijibu, bila kucheka. "Chakula unakula juu ya tumbo yako, kwa ajili yake. Ile unakula juu ya watu wenye muko nao pamoja."

Niliona amejibu vizuri, na hiyo ikanikasirisha zaidi.

Lakini avoka na maji ya chupa ilikuwa bei ndogo. Bei kubwa ilikuwa imeanza pale kwenye meza ya kwanza, tangu siku ya kwanza ya ile rejimu yake ya kula vibichi. Saa sita ilifika, bugali imegeuzwa, muvuke unapanda. Benoît akanawa mikono, akaketi mahali pake, uso kwa barabara, akajiwekea mbele kabeseni ka majani. Guylain alikuwa katikati ya barabara, anavuka. Akasimama pale pale, pikipiki zinamupigia honi huku na huku.

"Papa, hauko mugonjwa?"

"Niko muzima. Chakula ya kupikwa njo nimeacha."

"Umeacha ya watu wote, ao ya maman tu?"

"Ya watu wote."

Guylain akaangalia sufuria zangu, akaangalia kabeseni, akaangalia tena sufuria. "Leo sina njaa mingi," akasema. Akageuka akaingia kwa Maman Déborah, ngʼambo, mwanamuke ambaye sombe yake ni maji yaliyopakwa rangi. Parkingi nzima ikamufuata.

Namulaumu Guylain, lakini namuelewa. Mutu anayelala kitanda kimoja na mupishi, mutu aliyekula sufuria ile miaka na miaka, ameacha ghafula. Ungekuwa wewe, ungewaza rejimu? Kabla juma halijaisha habari ilikuwa imepanda mpaka sokoni: hata bwana yake hakuli tena. Benoît aliwaeleza watu mambo ya sukari, ya moto, ya bwana wa bustani. Walimusikiliza kwa heshima, wakampa pole, wakaenda kula kwingine.

Nikajaribu mimi mwenyewe. Niliketi kwenye meza ya kwanza, nikakula sahani nzima polepole, mbele yao, mpaka nikalamba vidole. Wamotari waliniangalia mpaka mwisho.

"Maman," Guylain akasema, na alisema kwa adabu, "mupishi njo anajua upande gani ya sufuria iko muzuri."

Huku kwetu anayepika hajishuhudii.

Rosette ndiye aliyesema tutafute tumbo lingine. Tukamuita Gentil, ndugu mudogo wa Benoît, kijana mwenye mwili na sauti, anaimba katika kwaya. Alikubali mara moja. Hakutuambia kwamba usiku alikuwa kwenye sherehe ya mahari huko Walungu na kwamba kasiksi ilikuwa imewaongoza mpaka jua likatoka. Alifika saa sita macho mekundu, akaketi, akakula. Na alikula vizuri, Mungu shahidi. Alimaliza sahani, akaomba ya pili, akasifu sombe kwa sauti ya kwaya. Wamotari wawili wakavuka. Wakaketi. Nikachukua sahani mbili.

Gentil akasema, "Sombe hii, shemeji," akatabasamu, akaweka kichwa juu ya meza, akalala.

Si kusinzia. Kulala. Mukono mumoja ulianguka pembeni ya meza ukabaki unaningʼinia. Rosette akamutikisa, hakutikisika. Nikamumwagia maji, akalamba midomo bila kufungua macho. Wale wamotari wawili walisimama kwa pamoja hata benchi likapinduka. Guylain mwenyewe akamuinua juu ya pikipiki, akamufunga kwa kitenge changu mugongoni pa mumotari mwenzake, wakaenda mbio hospitali. Kwenye mulango wa hospitali Gentil akaamuka, akauliza kama sombe imebaki. Lakini muji mzima ulikuwa umeshasikia ameanguka, na habari ya kwamba ameamuka haikupata mutu wa kuibeba.

Mwenye nyumba, Papa Destin, akaja kunisalimia. Huyu muzee hasalimii mutu bure. Akasema kuko kijana anatafuta mahali pa kuuzia mayuniti ya telefone, basi kama mimi nimechoka, niseme tu, hakuna ubaya. Nikamuambia sijachoka. Nilikuwa nimechoka. Malewa hii niliianza na mbabula moja, jiko dogo la makala, chini ya mwavuli, makala yananizimikia kila mvua ikinyesha, na kila ubao wa ukuta ule naufahamu kwa jina la sombe iliyoununua. Nikajisemea, nitapika mpaka Jumamosi. Sufuria zikirudi tena zimejaa, nitamupa Papa Destin ufunguo wake.

Ijumaa saa tisa hakukuwa na mutu hata mumoja. Rosette alikuwa ameenda kugawia majirani sombe ya bure, na majirani wengine waliipokea kwa mikono miwili wakaimwaga nyuma ya nyumba, tunajuana. Nilishika mwiko nikaenda kwenye kameza ka Benoît, katikati ya radio zake zilizofunguliwa matumbo.

"Papa Joviale, chakula yangu iko na nini?"

"Haina kitu."

"Sasa mbona unaniua nayo?"

Nilisema mengi siku ile. Nilisema majani ni ya mbuzi. Nilisema kama bwana wa bustani ndiye anamulisha sasa, basi yule bwana aje amuoshee na nguo. Nilisema mahali pangu patauzwa mayuniti kwa sababu ya kabichi. Benoît aliweka turnevisi, bisibisi yake, chini, akainama kwa shida, akavua kiatu, kisha soksi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba siku mingi alikuwa analala na soksi, nami nilidhani ni baridi.

Karibu na kidole kikubwa kulikuwa kovu jipya, jekundu, limefunga vizuri.

"Kilikuwa kidonda," akasema. "Kilianza mbele, kabla sijaenda kwa munganga. Nilikuficha. Yaya Lucien alianza hivi hivi."

Lucien alikuwa kaka yake mukubwa. Walimukata kidole, kisha muguu, kisha tukamuzika Nyangezi.

"Sasa kimefunga, na sukari imeshuka, munganga ameona. Mama Joviale, sombe yako sikuikataa. Kila saa sita harufu yake inafika hapa, nashika meza na mikono yote mbili. Nilijua nikionja tonge moja nitamaliza sahani. Najijua. Nikaogopa."

Hasira yangu yote ilitoka, nikabaki na mwiko mukononi nisijue ni wa nini. Niliona aibu, na niliogopa kuliko yeye. Niliketi chini kwenye kifundo cha nyaya zake, nikashika ule muguu.

"Basi kula majani yako," nikamuambia. "Malewa tutafunga. Mbabula nitaiweka mahali pengine. Muguu wako nitautoa wapi mwingine?"

Nilisema kweli. Iliniuma mpaka ndani, lakini nilisema kweli.

Jumamosi nikapika kwa mara ya mwisho. Nikapika vyote: bugali, sombe, sambaza, maharagi, na nikatia mawese bila kuhurumia chupa, maana sikuwa naiwekea kesho. Rosette alikuwa anakata vitunguu na analia, na anasema ni vitunguu. Saa sita ilipofika, Benoît akaacha radio yake, akanawa mikono, akaketi kwenye meza ya kwanza.

"Rosette, niletee sahani ya kwanza."

"Ya majani, papa?"

"Ya maman."

Nikatoka jikoni mbio. "Hapana, Papa Joviale. Tuliongea jana."

"Uliongea wewe. Mimi nilikuwa navaa kiatu."

Rosette akaweka sahani. Benoît akainua sauti, ile ya zamani inayofika ngʼambo. "Guylain. Munganga aliniambia nipunguze, mimi nikaacha. Unanijua, nilipita kipimo. Chakula ya huyu mwanamuke haijawahi kuniumiza hata siku moja. Tumbo yangu njo haina breki." Kisha akamega bugali, katonge kadogo, kama ka kulishia mutoto. Akakachovya katika sombe, akakainua juu wote wakaone, akakaweka mudomoni.

Wamotari waliangalia koo lake. Mimi niliangalia mukono wake tu. Nilijua mukono ule ukirudi kwenye sahani kwa raha yake, nitakuwa nimefungua malewa na nimepoteza bwana, na hakuna wateja wa dunia hii wa kunilipa hiyo. Alitafuna muda murefu, macho yamefungwa. Akachukua sambaza moja. Akachukua maharagi kidogo kwenye ncha ya vidole. Kisha mukono ukabaki hewani juu ya sahani, na mimi nikawa naomba rozari bila rozari.

Benoît akasukuma sahani mwenyewe. Akaisukuma mbali, mpaka upande wa pili wa meza.

"Hii haiko chakula," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hii nakula juu ya watu." Na akavuta kabeseni kake ka majani.

Guylain alikuwa ameshavuka. Alisimama mbele ya ile sahani, anamuangalia Benoît, anangoja. Sisi wote tulingoja. Benoît alitafuna karoti, akakunywa maji, akajiweka sawa kwenye kiti, na akapiga mbweu, kwa sauti, kama zamani. Guylain akaketi. Akaivuta ile sahani na akaimaliza, kisha akaomba yake. Nyuma yake benchi zikajaa, na Rosette akawa anapiga mbio na sahani mikononi, analia tena, na vitunguu viliisha zamani.

Saa nane tulikuwa tunakwangua sufuria. Guylain hakuondoka. Alikuwa anaangalia kabeseni ka Benoît: avoka, kabichi iliyokatwa nyembamba, tomati, ndimu na pilipili kidogo.

"Na hii munauzisha?" akauliza. "Mama yangu naye iko na sukari. Bugali inamusumbua."

"Tunauzisha," Benoît akajibu, kabla sijafungua kinywa.

Guylain akachukua kijiko, akakijaza, akakifikisha karibu na midomo. Kisha akakirudisha chini polepole.

"Nani anaonja?"

"Si unaniona nakula kila siku?" Benoît akasema.

"Wewe njo uliitengeneza, papa."

Hapo parkingi nzima ikanigeukia mimi. Rosette alijificha uso kwa kitambaa cha sahani, mabega yanamucheza. Mimi niliyeita vitu vile chakula cha mbuzi, mimi niliyevitukana mbele ya Nyamugo nzima. Nilipangusa mikono, nikaketi kwenye meza ya kwanza, uso kwa barabara, nikakula kijiko kizima cha kabichi mbichi na nikameza.

Guylain alinifungisha majani ya kupelekea mama yake, na ya kwake mwenyewe.

Tangu siku ile tunaketi wawili saa sita. Yeye anakula katonge kangu kamoja, mimi nakula kijiko chake kimoja, na parkingi inatuangalia tunavyomeza. Kijana wa mayuniti alipata mahali kwa Maman Déborah, maana pale nafasi zimekuwa nyingi. Kabichi mbichi mpaka leo sijaipenda, na Benoît nimemuambia. Ananijibu nitafune polepole, watu wananiona.